Betri ya vepu haijai kwenye chaja: jinsi ya kujua tatizo liko wapi

Taa ya kijani kwenye chaja inasema jambo moja tu: chaja imeacha kusukuma umeme. Kwa nini imeacha, hapo haikuambii. Huenda betri imejaa kweli. Huenda kebo ni mbovu, springi imeshika uchafu, au betri imechoka na haipokei tena. Ndiyo maana watu wengi hununua chaja mpya, wakakuta tatizo liko palepale.

Mwongozo huu unahusu betri za 18650 na 21700, zile za duara zinazochomolewa kwenye vepu (sigara ya kielektroniki) na kuwekwa kwenye chaja ya pembeni. Namba ni vipimo: milimita 18 kwa 65, na milimita 21 kwa 70. Tochi nyingi na baadhi ya pawabenki hutumia betri za ukubwa huohuo, kwa hiyo hatua nyingi zinafaa huko pia. Vepu za kalamu na zile zenye chaji ya ndani zimepewa nafasi yao mwishoni.

Kwanza, betri za kuweka kando

Kagua betri kabla ya kuhangaika na chaja. Iliyovimba, iliyobonyea kwa kudondoshwa, inayovuja, au yenye harufu tamu kali kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo haichajiwi tena. Hakuna fundi wa kuirudisha.

Ganda la plastiki lililochanika ni jambo la kutazama kwa makini zaidi, maana wengi hulidharau. Mwili mzima wa betri hii, kuanzia kitako hadi ukingo wa juu unaozunguka kichwa, ni hasi. Chanya ni kile kisahani kidogo cha katikati peke yake. Kati yake na ukingo pana pete ya karatasi au plastiki na lile ganda la nje, basi. Ganda likichanika karibu na kichwa, kipande chochote cha chuma kwenye chaja au kwenye vepu kinaweza kuunganisha chanya na hasi. Kama chuma chenyewe hakijabonyea, betri huvalishwa ganda jipya: kwa 18650 linauzwa la upana wa takriban milimita 29.5 likiwa limelala bapa, na urefu wa 72. Weka pete mpya kwanza, vuta ganda juu yake, kisha lipashe kwa draya ya nywele ukizungusha mpaka libane. Usitumie kiberiti wala jiko.

Betri imejaa maana yake nini

Betri ya kawaida ya vepu, ile iliyoandikwa 3.6V au 3.7V, hujaa ikifika volti 4.20. Chaja hufanya kazi kwa awamu mbili. Mwanzo husukuma mkondo mmoja usiobadilika, tuseme ampea 1, na volti ya betri inapanda polepole. Ikifika 4.20 chaja inaishikilia hapo na kuacha mkondo upungue wenyewe, kama mtu anayejaza dumu na kufunga bomba kidogokidogo maji yanapokaribia shingoni. Mkondo ukishuka hadi kiwango kidogo, mara nyingi sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, chaja inakata na taa inageuka.

Awamu hiyo ya pili ndiyo inayokula muda. Betri ya miliampea-saa 3000 kwenye chaja ya ampea 1 huchukua saa tatu na nusu hadi nne. Kwa nusu ampea ni saa saba hivi. Na chaja ya mashimo manne inayogawana ampea 2 haiwezi kujaza betri nne haraka kama inavyojaza moja. Ukiona inachelewa, piga hesabu hiyo kabla ya kuilaumu.

Hatua ya 1: pima mara tatu

Unahitaji mita ya digitali. Ile ndogo ya bei ya chini inayotumiwa na mafundi redio inatosha, mradi betri yake ya volti 9 si dhaifu: ikishuka, mita huanza kusoma namba za juu kuliko ukweli, nawe utadhani chaja inazidisha.

Waya mweusi uingie COM. Mwekundu uingie tundu lililoandikwa VΩ, *usiingie lile la 10A*. Kwenye tundu la 10A mita inakuwa kama kipande cha waya mtupu, na betri ya vepu imetengenezwa kutoa ampea 15, 20 au zaidi. Ukiigusa hivyo umeiunganisha kichwa na kitako. Zungusha kitasa hadi volti 20 za DC, upande wenye V na mstari ulionyooka. Ncha nyekundu katikati ya kichwa, nyeusi kwenye kitako.

Pima kabla ya kuchaji, pima mara tu taa inapogeuka kijani na umechomoa betri, kisha pima tena saa moja baadaye ikiwa imekaa tu mezani. Andika namba kwenye kipande cha selotepu ubandike juu ya betri. Majibu husomeka hivi:

– 3.52, halafu 4.19, halafu 4.17. Hapa hakuna ugonjwa. Kushuka kidogo baada ya kuchomolewa ni kawaida, na mita za bei ndogo zenyewe zinaweza kupotoka kwa volti 0.02 au 0.03.

– 3.50, halafu 4.18, halafu 4.02. Chaja imefanya kazi yake. Betri ndiyo imeshindwa kushikilia. Ruka hadi hatua ya 6.

– 3.50, halafu 3.97, halafu 3.96. Betri imetulia palepale ilipoachwa, maana yake imekatiwa mapema. Tatizo ni chaja au kinachoilisha. Endelea na hatua ya 2.

– 4.25 au zaidi. Chaja inazidisha. Ichomoe ukutani na usiitumie tena hata kwa tochi.

Namba hizi tatu huokoa muda kuliko kubahatisha. Ukiwa na betri mbili, zipime zote.

Hatua ya 2: umeme unaoingia kwenye chaja

Chaja nyingi za sasa hulishwa kwa kebo ya USB, na hapa ndipo tatizo linapopatikana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua kebo nyembamba ya mita 2, ile iliyoandikwa 28AWG ubavuni. Waya wa unene huo una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 4: omu 0.85. Pitisha ampea 1 na umepoteza volti 0.85 njiani. Adapta imetoa 5.0, chaja imepokea 4.15, nayo inatakiwa kufikisha betri kwenye 4.20. Haiwezekani. Chaja rahisi, zile zinazotumia chipu kama TP4056, hazina uwezo wa kupandisha volti. Zinaweza tu kuipunguza. Zikikosa nafasi ya juu, mkondo unanyong'onyea, taa inabaki nyekundu bila mwisho, au chaja inakata na kuanza upya.

Badilisha kebo kwanza. Tafuta fupi, nusu mita au isizidi mita 1, yenye nyaya nene (24AWG au chini ya namba hiyo, namba ikipungua waya unanenepa). Kisha tazama adapta: maandishi ya *Output* yawe 5V na angalau 2A kwa chaja ya mashimo mawili. Tundu la kompyuta la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, la USB 3.0 ni 900. Yote mawili ni madogo kwa kazi hii.

Kama chaja yako ina tundu la USB-C na haiwaki kabisa kwa kebo ya C kwa C, usiitupe. Chaja za bei nafuu mara nyingi huachwa bila vile vikinzani viwili vidogo vinavyoiambia adapta kwamba kuna kifaa kinahitaji umeme. Tumia kebo yenye kichwa cha zamani cha USB upande mmoja na C upande wa pili, itawaka.

Anayechaji kwa paneli ndogo ya sola moja kwa moja atakutana na jambo jingine: wingu likipita volti inaanguka, chaja inajizima, jua likirudi inaanza hesabu upya. Pitishia kwenye betri ya sola au pawabenki kwanza.

Hatua ya 3: mahali chuma kinapogusana na chuma

Majimaji ya vepu ni propilini glikoli na gliserini. Hayakauki kama maji. Hubaki kama utando wa kunata, yanapanda kwenye kichwa cha betri, na kutoka hapo yanahamia kwenye springi ya chaja pamoja na vumbi lote yaliloshika. Kwa wakazi wa pwani ongeza chumvi ya hewani, inayoacha ukungu mweupe au wa kijani kwenye vibao vya chuma.

Kuna namna ya kuona uchafu huo kwa mita badala ya kukisia. Betri ikiwa inachaji, weka mita kwenye kipimo kidogo, milivolti 200 au volti 2. Gusa ncha moja kwenye kibao cha chaja na nyingine kwenye chuma cha betri hapo hapo kando yake, upande uleule mmoja. Unapima volti inayopotea kati ya vyuma viwili vinavyogusana, na inatakiwa iwe karibu na sifuri. Milivolti 10 au 20 si neno. Ukikuta 100 na chaja inasukuma ampea 1, hapo pana ukinzani wa omu 0.1, yaani uchafu au springi iliyolegea. Anza na kitako, ambako ni salama. Upande wa kichwa fanya tu kama pana nafasi na mkono wako umetulia, kwa sababu ukiteleza hadi kwenye ukingo umeunganisha chanya na hasi.

Chaja nzuri hulipa upotevu huo taratibu katika awamu ya pili: mkondo ukipungua nao upotevu unapungua, betri inajaa ila kwa kuchelewa. Chaja za ovyo zisizo na awamu ya pili ndizo hukata zikiona 4.20 kwa mara ya kwanza, huku betri iko 4.05.

Kusafisha: chomoa chaja ukutani, toa betri. Lowesha pamba ya masikio kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua vibao vyote na ncha zote mbili za betri, badilisha pamba mpaka itoke safi. Ukungu mgumu uondoe kwa kifutio cha penseli. Msasa hapana, unakwangua nikeli na kuacha chuma tupu kinachoshika kutu wiki ijayo. Sanitaiza ya mikono hapana pia. Nyingi zina gliserini, na hicho ndicho unachojaribu kukiondoa. Acha dakika kumi pakauke.

Halafu sukuma kile kibao kinachoteleza. Kinatakiwa kirudi kwa nguvu na kubana betri. Betri zenye kinga ya ndani huwa ndefu kuliko 65, zinafika 68 hadi 70, na kwenye baadhi ya chaja hulala mshazari bila kugusa vizuri. Zungusha betri kwa kidole ikiwa ndani: taa ikipepesa, mguso ni mbovu.

Hatua ya 4: swichi na mipangilio

Hatua hii ni fupi, lakini usiiruke. Baadhi ya chaja zina swichi au menyu ya 3.6, 4.2 na 4.35. Ile ya 3.6 ni ya betri za chuma-fosfeti, zilizoandikwa 3.2V. Betri ya vepu ikiwekwa hapo itaachwa karibu na volti 3.6 na taa itasema imejaa. Rudisha kwenye 4.2. Usipandishe hadi 4.35 kwa tamaa ya kuongeza. Hiyo ni kwa betri zilizoandikwa hivyo na mtengenezaji.

Tazama na mkondo. Chaja ikiwekwa kwenye ampea 0.25 na betri ni 21700 ya miliampea-saa 5000, itahitaji zaidi ya saa 20, na chaja zenye saa ya usalama hukata kabla ya hapo. Nusu ampea hadi ampea 1 inafaa kwa 18650 nyingi.

Hatua ya 5: badilishana mashimo

Weka alama kwenye betri, A na B, na namba kwenye mashimo. Chaji A shimo la 1 na B shimo la 2, pima. Safari inayofuata zibadilishe. Ubovu ukimfuata A popote aendapo, A ndiye mgonjwa. Ukibaki kwenye shimo la 2, chaja imeharibika upande huo. Ukionekana kwa zote kila mahali, rudi kwenye kebo na adapta.

Hatua ya 6: betri yenyewe

Betri hizi kwa kawaida huhimili mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji kabla ya uwezo wake kushuka vya kutosha kuonekana. Kinachopanda katika uzee ni ukinzani wa ndani. Ukifika omu 0.1, ampea 1 ya chaja inaonyesha volti 0.1 zaidi ya ile betri iliyo nayo kweli, hivyo chaja inaingia awamu ya pili mapema na kukaa humo muda mrefu. Ukiibonyeza vepu, volti inazama papo hapo na kifaa kinalalamika betri ndogo. Mwenye betri anasema haijajaa. Ilijaa, ila haiwezi kutoa.

Baadhi ya chaja huonyesha ukinzani huo kwa miliomu. Namba hizo hubadilika hata kwa jinsi betri ilivyokaa kwenye shimo, kwa hiyo linganisha betri zako ndani ya chaja ileile, na yenye mara mbili au tatu ya mwenzake iondoe.

Kisha kuna bandia. Hakuna 18650 inayobeba miliampea-saa 9900, wala 6800. Betri nyingi halisi za ukubwa huo hazizidi takriban 3500 hadi 3600, na zile zinazofaa vepu ziko chini ya hapo: Samsung 25R ni 2500, LG HG2 na Sony VTC6 ni 3000. Ipime kwenye mizani ya jikoni. Halisi ina gramu 44 hadi 48. Iliyo chini ya 40 haina cha kutosha ndani yake. Betri kama hiyo hujaa kwa nusu saa, kwa sababu hakuna nafasi ya kujaza.

Kama taa inageuka kijani papo hapo, pima kwanza. Chini ya volti 2.5 chaja nyingi hukataa, au huiona kama shimo tupu. Kuna chaja zenye kitufe cha kuamsha betri iliyokufa. Kwa tochi ya uani mtu anaweza kuvumilia majaribio. Kwa kifaa kinachoshikwa karibu na uso na kuvuta ampea nyingi, betri iliyowahi kuzama chini ya volti 2 haifai. Na taa nyekundu ya usiku kucha huku betri ikiwa ya moto ni betri inayovuja umeme ndani kwa ndani: mkondo haushuki, chaja haipati sababu ya kukata. Vuguvugu ni sawa. Isiyoshikika mkononi, chomoa chaja ukutani kwanza, kisha ikipoa itoe nje kwenye saruji.

Vepu ya betri mbili inataka jozi: zilizonunuliwa pamoja, zikachajiwa na kutumika pamoja. Zikiwa zimejaa zisitofautiane kwa zaidi ya volti 0.05. Moja ikichoka, badilisha zote.

Chaja inayohesabu miliampea-saa

Malalamiko mengine si ugonjwa. Chaja yenye kioo inaandika 1900 kwa betri ya 3000, mwenye nayo anadhani ameibiwa. Inahesabu ilichoingiza yenyewe tu. Vepu nyingi hukata matumizi karibu na volti 3.2 au 3.3, kwa hiyo sehemu ya chini ya betri haikuwahi kutumika, na hairudishwi.

Vepu za kalamu na chaji ya ndani

Betri ya kalamu husokotwa kwenye chaja ndogo ya USB yenye hesi. Ikikaa kijani tangu mwanzo, kipini cha katikati kimezama kwa kukazwa mno. Kinyanyue kwa kijiti cha meno, nusu milimita tu, safisha hesi kwa pamba, usikaze zaidi ya pale kidole kinapokomea. Mkondo wa nyingi ni miliampea 420, hivyo ya 1100 itachukua karibu saa tatu.

Kwa zenye tundu la kuchajia, tatizo kubwa ni tundu lenyewe: pamba ya mfukoni imejaa ndani, au lehemu yake imepasuka kwa kuchomekwa ovyo. Litoe vumbi kwa kijiti cha mti kifaa kikiwa kimezimwa. Likicheza, fundi simu analilehemu upya kama anavyofanya la simu.

Kufungua chaja

Ile ya USB inaweza kufunguliwa kwa sababu moja, kulehemu upya tundu au springi. Ile inayoingia moja kwa moja ukutani iache: umeme wa volti 230 ukishanyooshwa ndani unafika takriban 325, na kapasita huushikilia hata baada ya kuchomoa. Gharama ya nyingine ni ndogo kuliko hatari hiyo.

Betri ulizozikataa zifunge selotepu kwenye ncha zote mbili, moja moja, kabla ya kuziweka pamoja, maana hata iliyochoka ina umeme wa kutosha kuwasha moto ikigusana na funguo au sarafu. Zisiingie kwenye shimo la taka la nyumbani, kwa sababu taka za humo huishia kuchomwa, nazo zikiwa kwenye moto hulipuka. Peleka kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, au uliza duka lililokuuzia kama wanazipokea.